Dodoma mpaka Makutupora: siku sita nahesabu dakika za treni ya Burundi

Tangu watu wa mtaani kwetu wajue nimepata kibarua cha mambo ya reli, swali ni lile lile kila nikipita, "eti hiyo treni ya Burundi inaanza lini?" Jamani mi sijui lini. Mi sikuajiriwa kujua lini, niliajiriwa kujua ngapi. Dakika ngapi mtu anatumia toka anafunga mlango wa kwake mpaka anakaa kwenye siti, na akishakaa, ni dakika ngapi ataziacha mpakani. Siku sita, posho ya kulala nje, kampuni moja ya ushauri (jina naliacha, mtaona wenyewe kwanini). Tulikuwa wanne: injinia tuliyekuwa tunamwita Mkuu, dada wa takwimu, dereva, na mimi mwenye saa ya kuhesabia kwenye simu na daftari la mistari.

Siku ya kwanza, Jumatatu

Ofisini tu leo, hatujaenda popote. Ukutani kuna ramani kubwa na Mkuu kaichora kwa kalamu nyekundu: Dar, Morogoro, Dodoma, Makutupora, Tabora, halafu tawi moja linapanda Isaka na Mwanza, lingine linaenda Kigoma. Hili la Kigoma likifika Uvinza ndo linatoa mkono kwenda kulia, linavuka mto Malagarasi, linaingia Burundi mpaka Musongati. Kutoka Uvinza mpaka Musongati ni kilomita 282, ila humo njia kuu ni 240, zile 42 ni za treni kupishania. Mkataba ulisainiwa Januari 2025, dola bilioni 2.15, na mwezi wa nane mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa hukohuko Musongati. Baadaye wanataka ifike Gitega, halafu huko mbele Congo.

Mi nikasema kwa sauti kumbe ni makao makuu kwa makao makuu, maana Dodoma na Gitega ni ndugu, zote ziko katikati ya nchi na zote wakubwa walihamishiwa huko wakati moyo wao uko kwenye maji, huku Dar, kule Bujumbura. Mkuu akacheka, akasema mkataba haukusainiwa kwa ajili ya mawaziri kutembeleana, Musongati kuna nikeli, na mizigo ndo italipa deni, abiria ni wa kujazia. Sawa. Ila abiria ndo wanaotuuliza inaanza lini, nikeli haiulizi.

Asubuhi yote ikaishia kwenye madodoso. Yamekuja yamechapwa rangi, karatasi nzuri, yote kwa Kizungu. Mia nne! Tunaenda kumuuliza mama muuza mchele wa Bahi kwa Kizungu? Swali la kumi na moja peke yake tulibishana nusu saa, mpaka dada wa takwimu akalikata: "Uko tayari kuongeza shilingi ngapi ili ufike saa moja mapema?" Basi. Kumbe ni hilo tu lilikuwa limevaa suti. Tukachapa upya kwa hela ya dereva, atarudishiwa (mpaka naandika hajarudishiwa).

Jioni huyo dada akatuonyesha kitu kwenye laptopu, reli ya Johor Bahru na Singapore. Malaysia huku, Singapore kule, katikati mlangobahari, watu zaidi ya laki tatu kwa siku wanavuka kwa barabara na foleni zake. Wameamua kujenga reli fupi ya kilomita nne tu, abiria elfu kumi kwa saa kila upande, na kilichonivutia ni mihuri: unagongewa ya nchi zote mbili pale unapopandia, ukishuka unatembea zako, hakuna wa kukuuliza kitu. Waliwahi kukubaliana 2018, mwaka uliofuata ikasimamishwa, 2020 wakarudi mezani. Mkuu akapiga meza, "hii hii ndo tunaipendekeza." Mi pia niliona imeisha hiyo.

Siku ya pili, Jumanne

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi nimetoka Majengo, bajaji mpaka stesheni ya SGR, hii reli mpya ya umeme, iliyoko Mkonze. Dakika 24, na hapo barabara ilikuwa tupu. Dereva wa bajaji kaniambia elfu sita, tukamalizana kwa nne. Naandika hili kwanza kwa sababu ndo kitu cha kwanza karibu kila abiria alikisema: treni inakimbia, ila kuifuata treni ni safari nyingine. Ile stesheni ya zamani ya Mjerumani iko katikati ya mji, unatoka sokoni na mzigo wako kichwani umefika. Hii mpya ni nzuri, vioo, ngazi zinazotembea, watoto wanapelekwa kupiga picha, lakini iko pembeni. Huwezi kupitisha reli ya kilomita 160 kwa saa katikati ya Majengo, hilo naelewa. Ila dakika 24 ni dakika 24.

Kazi yangu: nachagua mtu anaingia getini, nabonyeza saa, namfuata kwa macho. Mkaguzi wa kwanza, mzigo kwenye mashine, mkanda unavuliwa, kitambulisho, tiketi, kukaa. Mwenye begi moja anapita kama upepo. Mwenye kiroba cha karanga, ndoo mbili na mtoto mgongoni, huyo anakula dakika za watu sita nyuma yake, na hakuna wa kumlaumu, ndoo zinatakiwa zifunguliwe. Nikaanza kuona kwamba wastani ni kitu cha kudanganya, foleni haitembei kwa mwendo wa wastani, inatembea kwa mwendo wa mwenye ndoo.

Hapo ndo nikakutana na mama mmoja wa Kasulu, kaolewa huku Chang'ombe, kavaa kitenge kipya kabisa bado kina ule ugumu wa dukani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama huwa anasafiri kwenda Burundi.

"Mwanangu, mi Burundi siendi. Burundi ni kwa mama mdogo."

Yaani dada wa mama yake kaolewa ng'ambo ya pili, na Kiha na Kirundi wanasikizana vizuri tu, kwake yeye ule mpaka ni kama mto wa kijijini. Msiba wa mwisho alienda kwa basi mpaka Kigoma, akalala, akapanda gari ya Manyovu, akavuka. Akafika wameshazika. Nikamsomea swali la kumi na moja, uko tayari kuongeza shilingi ngapi ufike saa moja mapema. Akaniangalia muda mrefu.

"Saa moja isingenisaidia. Niulize siku moja."

Dodoso halina kisanduku cha siku moja. Nimeandika pembeni kwa kalamu.

Treni ya mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka, ikaingia kimya kimya ile ya kukushtua, watu wakasimama wote kwa pamoja kama wameitwa. Kwenda Dar unafika kwa masaa matatu na nusu hivi, wakati basi linakula siku nzima. Tangu ianze kufika Dodoma mwezi wa saba 2024 mji umebadilika, kuna watu wanaenda Kariakoo asubuhi wanarudi jioni. Kwa abiria lakini Dodoma ndo mwisho. Nilisogea mpaka kwenye uzio kule upande wa magharibi, nyaya za umeme na reli vinaendelea kwenda Bahi, vimenyooka, vinang'aa, na hakuna treni ya abiria inayopita.

Siku ya tatu, Jumatano

Gari sasa. Tumetoka na barabara ya Singida, tumesimama Nala kwenye mizani kuangalia malori. Ukitaka kujua biashara ya Burundi na Rwanda iko wapi usiende mpakani, simama Nala uangalie namba za magari. Yote haya yanapanda Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, ndo yanagawana, ya Rwanda mpaka wa Rusumo, ya Burundi mpaka wa Kabanga. Na hapohapo Nala kuna kiwanda cha mbolea cha wawekezaji wa Burundi. Kwa hiyo wenzetu walishafika zamani, ni sisi wa treni tumechelewa.

Dada wa takwimu anahesabu malori, Mkuu ananifundisha mambo ya upana wa reli maana nilimuuliza swali la kijinga, kwanini tusitumie ile ya zamani. Ile ya Mjerumani, iliyofika Kigoma 1914, ina upana wa mita moja kamili. TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni milimita 1,067. Hii mpya ni 1,435. Sasa mita moja na TAZARA zimepishana milimita 67, upana wa vidole vinne tu, lakini kwa ajili ya vidole vinne behewa la huku haliendi kule, na pale Kidatu zinapokutana ikabidi kuwe na kituo cha kushusha mzigo na kuupandisha upya. Vidole vinne! Burundi wao hawana reli kabisa, na Mkuu anasema hiyo ndo bahati yao, hawana kitu cha zamani cha kulinganisha nacho, wanaanza na 1,435 moja kwa moja.

Akaniambia pia wenzetu wa Kenya, yao ilitoka Mombasa ikafika Nairobi 2017, ikasogea mpaka Naivasha 2019, ikasimama muda mrefu kabla haijaufikia mpaka wa Uganda. Reli ya kuvuka mpaka ambayo haijavuka mpaka ni reli ya ndani yenye deni la nje. Hayo ni maneno yake, mi nimeyaandika tu.

Bahi tumekula wali. Hamna kingine cha kuripoti Bahi, tope limeanza na nimepasua kandambili.

Siku ya nne, Alhamisi

Leo ndo siku yenyewe.

Kwanza barua. Gari inalia gia ya pili, tumefika Makutupora, tumeuliza ofisi ya mtendaji, tumepokelewa vizuri, maji ya kunywa, viti. Mtendaji kavaa miwani, kasoma barua yetu ya utambulisho taratibu mpaka mwisho, kairudia, halafu kasema kwa upole kabisa: "Wageni wangu, hii barua ni ya Makutupora ya Dodoma mjini."

Wasiojua: kuna Makutupora mbili. Moja iko kaskazini ya jiji, njia ya Arusha, kwenye visima vya maji ya Dodoma na kambi ya JKT. Nyingine ni hii ya reli, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, mwisho wa kipande cha pili cha SGR kutokea Morogoro. Ofisi yetu, wataalamu wa ramani za nchi mbili, imeomba kibali cha Makutupora isiyo na reli. Mkuu katoka nje kupiga simu, dereva kacheka mpaka kakaa chini. Masaa matatu tumesubiri barua nyingine itumwe kwenye simu, na mtandao wenyewe unashika ukisimama kwenye kichuguu. Mi nilibonyeza saa kwa mazoea: masaa matatu na dakika kumi na moja. Na hapa hatujavuka hata mpaka wa nchi, tumevuka wa mkoa.

Jioni tukalala Manyoni. Kuku wa kienyeji, ugali, na mezani kwa jirani yuko mzee mmoja dereva wa lori, Mrundi wa Ngozi, kaja kupumzisha macho. Tukamkaribisha. Shikamoo, marahaba, amahoro, tukaanza. Miaka ishirini barabara hii hii. Kiswahili chake cha Bujumbura kinapanda na kushuka, kitamu kusikiliza. Anasema kwao mafuta yamekuwa shida, kwa hiyo mtu akimsikia anatoka Tanzania swali la kwanza siyo habari za safari, ni kama ana dumu.

Mkuu akamweleza ile ya Singapore kwa furaha, mihuri yote miwili pale unapopandia, Dodoma hapa unagonga, Gitega unashuka unaenda nyumbani. Mzee akasikiliza, akavunja mfupa wa kuku, akauliza:

"Kwenye treni yenu hiyo, anayeshuka Tabora naye mnamgongea?"

Kimya.

Maana kweli bwana. Ile ya kwao ni kilomita nne, stesheni mbili, kila aliyekaa humo anavuka, hakuna mwingine. Yetu nimeipigia hesabu kwenye mgongo wa daftari: Dodoma mpaka Makutupora tuseme 80, Makutupora mpaka Tabora 294, Tabora mpaka Uvinza kama 300, na zile 240 za mwisho, inapita kidogo kilomita 900. Kwa mwendo wa Dar na Dodoma hayo ni masaa kama saba. Katikati humo watu watapanda Manyoni washuke Tabora, watapanda Tabora washuke Uvinza, wengi kuliko hao wa Burundi, na mama wa ndoo yumo. Ukigonga mihuri Dodoma inabidi mabehewa ya wanaovuka yafungwe, asiingie mtu njiani. Sasa utafunga siti masaa saba kwa ajili ya mihuri?

Mkuu akasema basi tufanye kama barabarani, treni isimame mpakani watu washuke wakaguliwe. Mzee akatikisa kichwa. Kwenye lori, anasema, karatasi yangu ikiwa na kosa nasubiri mimi. Kwenye basi, ya mmoja ikiwa na kosa wanasubiri hamsini. "Na kwenye treni je?"

Hapo dada wa takwimu akadakia, maana yeye ndo anazijua zile kilomita za kupishania. Reli hii ni njia moja. Treni inayoenda na inayorudi zinapishana stesheni, moja inasimama pembeni mpaka mwenzie apite. Kwa hiyo treni ikigandishwa Malagarasi saa nzima kwa sababu ya pasipoti ya mtu mmoja, siyo yeye na wenzake tu, kuna treni nyingine inasubiri stesheni ya mbele, na nyuma ya hiyo kuna ya nikeli, na kuchelewa kunatambaa hivyo hivyo mpaka Tabora. Tukapiga hesabu juu ya meza, tukasogeza mifupa: abiria mia tatu wanaovuka, dakika mbili mbili kila mtu, ni dakika 600. Maofisa kumi, saa moja nzima. Treni ikiwa imesimama hiyo saa imekufa. Treni ikiwa inatembea, maofisa wa nchi zote mbili wamepandia Uvinza wanapita siti kwa siti na mashine ya mkononi, saa ile ile haigharimu kitu, na mwenye shida anashushwa stesheni ya kwanza yenye ofisi, wenzie wanaendelea.

Sisemi tumegundua sisi, nchi nyingine wanakagua ndani ya treni miaka yote. Ila tulikuja na jibu la kilomita nne, na bila yule mzee tungelipeleka hivyo hivyo na picha za rangi. Alimaliza chai yake, akakataa tumlipie, akasema ana mzigo wa saruji usiopenda mvua.

Siku ya tano, Ijumaa

Mvua. Gari imezama njia ya kuelekea Itigi, tumesukuma wote mpaka Mkuu na viatu vyake vya ofisini. Vijana watatu wa punda wametutoa kwa elfu ishirini. Madodoso kumi na nane yamelowa, likiwemo la mama wa Kasulu, nimelikausha juu ya injini, wino umesambaa lakini "siku moja" bado inasomeka. Hatukufika Itigi.

Siku ya sita, Jumamosi

Tumerudi Dodoma saa nane mchana. Mkuu ameandika rasimu njiani, kwa mkono, gari ikirukaruka: ukaguzi ndani ya treni kati ya Uvinza na mto, na usafiri wa kutoka mjini mpaka Mkonze uhesabiwe kama sehemu ya safari. Ya Singapore ameibakiza kwenye ukurasa mmoja wa nyuma kwa sababu anaipenda. Nimemwambia aongeze kisanduku cha siku moja kwenye swali la kumi na moja, akasema fomati haibadiliki katikati ya utafiti. Tumebishana kidogo. Dada wa takwimu yuko upande wangu.

Wamenishusha karibu na stesheni ya zamani. Watu wa Kigoma walishaanza kujaa, mikeka, mabegi ya shangazi kaja, kijana kachomeka simu nne kwenye soketi moja, bibi analala na kamba ya mbuzi mkononi ingawa sijamwona mbuzi. Hakuna aliyeniuliza treni inaanza lini, yao ipo, inakuja ikija.

Usiku ofisi imetuma ujumbe. Posho bado, ila kuna awamu ya pili, Jumatatu ijayo natakiwa Uvinza. Barua ya utambulisho imeambatanishwa. Nimeifungua nikaisoma, kijiji, kata, wilaya, mkoa, nikampigia dereva nikamsomea tena yote.